Lanchi boksi ya mtoto mchagua chakula: kipya kibaki nyumbani

Niseme mapema kabla ya mapishi, mana najua wengi mmekuja kutafuta mapishi. Chakula unachomfungashia mtoto wa miaka miwili kwenda dei kea kiwe kile anachokijua, kile ambacho jana au juzi alikila nyumbani bila vita. Mimi ni afisa lishe hapa Kigoma, na malalamiko ninayoyasikia kuanzia Mwanga, Gungu mpaka Ujiji ni yaleyale, "anti, boksi linarudi kama lilivyoenda", alafu ukiuliza kilichokuwemo unakuta leo karoti na hoho, kesho makaroni, keshokutwa vitu mama mtu kaviona Instagram, yani kila siku kitu kigeni, tena ugenini, mbele ya madam mwenye watoto wengine wengi wa kuangalia. Hapo hata wewe mtu mzima ungekula biskuti tu ukalale.

Huko kuchagua kwenyewe kuna sababu. Mwaka wa kwanza mtoto anakua kwa kasi sana, akitimiza mwaka uzito wake ni kama mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Baada ya hapo kasi inashuka, mwaka wa pili anaongeza kilo mbili au mbili na nusu hivi, kwaiyo na hamu ya kula inashuka, na ndo kipindi ambacho mabibi wanaanza kusema mtoto amesusa, kapata jicho, mpeleke sijui wapi. Kwenye umri huohuo inaingia na ile hali ya kuogopa chakula asichokijua. Hiyo ni sehemu ya ukuaji, sio deko, na sio kwamba umemlea vibaya. Dawa yake ni kukiona chakula tena na tena bila kulazimishwa, tafiti zinataja kama mara 8 hadi 15 kwa chakula kimoja, wakati wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu tunasema "huyu sombe (kisamvu) hataki". Sasa hizo mara zote zifanyike nyumbani jioni mkiwa mnakula wote, anaona baba anakula sombe, dada anakula sombe, na yeye ana kijiko kimoja pembeni ya wali wake, akikila sawa, akikichezea sawa, akikitema sawa. Dei kea anatakiwa ashibe, acheze, alale.

Kingine ni kiasi, na hapa naona wazazi wengi wanajipa presha bure. Kipimo cha haraka ninachowapa ni kijiko kimoja cha mezani kwa kila mwaka wa umri kwa kila aina ya chakula. Mtoto wa miaka miwili ni vijiko viwili vya wali, viwili vya maharage, na kipande cha papai. Basi! Akitaka zaidi aongezwe, lakini ukimjazia hotipoti ya baba yake alafu ukapima alichoacha, kila siku utaona hajala.

Sasa kwa sababu ni vijiko vichache, kila kijiko kibebe kitu cha maana, na hapo ndo Kigoma tumebarikiwa ila hatujui.

Tuanze na dagaa. Mtoto mchagua chakula ukimwekea dagaa mzima mwenye macho hamalizi hata kumwangalia, kwaiyo msage. Nunua dagaa wakavu, na ukiweza chukua wale walioanikwa kwenye vichanja, sio wale wa kuanikwa chini, mana mchanga wa wale wa chini hata uoshe vipi unausikia kwenye meno. Toa vichwa, ndo vyenye uchungu. Osha na maji ya moto mara mbili tatu mpaka maji yawe safi, anika au weka kwenye kikaango kikavu moto mdogo, geuzageuza mpaka ukimvunja mmoja avunjike kwa sauti. Akikunjika bado ana maji, usisage, ataota ukungu kwenye chupa. Wakishapoa saga kwa blenda au twanga, chekecha kwa chujio la chai, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Kijiko kimoja cha chai kwenye wali wa moto au kwenye maharage ya kuponda, na ladha yake ukianza na nusu kijiko hata haisikiki sana. Hapo umempa protini, madini ya chuma, na kalisi, yale madini ya mifupa na meno, kwa sababu amekula na mifupa. Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, wenye chupa zao ndani hawakuhangaika, kwaiyo ukisikia ziwa linakaribia kufungwa saga mapema.

Alafu mawese. Ule wekundu wenyewe ndo mali, ndo mwili unaoutumia kutengeneza vitamini A, lakini unakuta mtu anayaweka jikoni anayachoma mpaka moshi ujae uani na mafuta yawe meupe, anasema anaondoa harufu. Umeondoa harufu na vitamini umeiondoa. Yapashe moto wa wastani, kaanga kitunguu kilainike, weka maharage au mboga, funika. Kijiko kimoja cha chai kwenye chakula cha mtoto kinatosha, na kwa mtoto anayekula kidogo yale mafuta yanampa nguvu ambayo asingeipata kwenye wali mtupu. Karanga za kusagwa nazo vivyohivyo, kwenye uji, kwenye mchicha, kwenye ndizi za kupika, ila chambua kwanza, zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku.

Ugali wa muhogo mtupu ndo mwepesi kuliko vyote, unashibisha tu, karibu wote ni wanga. Simkatazi mtu ugali wake, ila kwenye boksi la mtoto usiende peke yake na mchuzi.

Kuna mtoto wa jirani yangu hapa Gungu, ana miaka miwili na nusu, anakula vyeupe tu, wali mkavu, chapati, mkate. Akikuta kipande cha kitunguu kwenye wali anakitoa na vidole viwili anakiweka kwenye mfuniko, kimoja kimoja, kwa utulivu kama fundi saa. Mtoto wa hivi humrushi kutoka wali mweupe kwenda pilau la mboga saba. Unamsogeza. Wali uleule na tone la mawese mpaka uwe njano kidogo, akizoea hiyo rangi ongeza unga wa dagaa, akizoea weka karoti iliyokunwa mpaka haishikiki kwa vidole. Kwenye chapati, unga changanya na kiazi lishe cha njano kilichochemshwa kikapondwa, chapati inakuwa laini na tamu na haikauki mpaka mchana. Usifiche kila kitu lakini, kiazi kilekile awe anakiona na kwenye sahani nyumbani, la sivyo atakula chapati miaka yote na kiazi hatakijua.

Kabla hujalaumu chakula angalia alichokunywa. Juisi ya pakti saa nne, biskuti, alafu saa sita unataka ale maharage? Hana nafasi. Maziwa ya ng'ombe ni mazuri lakini yakizidi kama nusu lita kwa siku yanaziba njaa na yanapunguza madini ya chuma mwilini, na chai ya rangi ndo kabisa, ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma ya kwenye maharage na mboga isifyonzwe. Saa nne mpe ndizi mbivu au kiazi na maji. Na kwenye chakula cha mchana weka kipande cha chungwa, embe au papai, vitamini C inasaidia hiyo chuma iingie mwilini.

Joto la hapa kwetu usilichukulie poa. Mtoto anaondoka saa moja asubuhi anakula saa sita, ni masaa matano, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili kama hakipo kwenye baridi au kwenye moto wa kweli. Wali ndo msumbufu, kuna bakteria wake sumu yao haitoki hata ukiupasha upya. Kwaiyo tumia hotipoti ndogo, ijaze maji yaliyochemka dakika kumi, mwaga, weka chakula kinachotoa moshi na kiijaze, mana hotipoti kubwa yenye vijiko viwili ndani inapoa kabla boda haijafika. Huna hotipoti? Siku hiyo fungasha vikavu, chapati, kiazi cha kuchemsha, ndizi, na samaki na mayai yabaki ya jioni.

Na vya kupalia: karanga nzima, bisi, pipi, zabibu nzima, soseji iliyokatwa mviringo, hivyo mtoto chini ya miaka minne hapelekewi kabisa. Mgebuka, yule samaki wa ziwani kwetu, mnyofoe kwa vidole vyako mwenyewe, sio uma, vidole ndo vinausikia mwiba.

Na madam ongea naye mapema, kwa heshima, mana wengi wanalazimisha wakidhani ndo unachotaka. Mtaalamu mmoja wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua anakula au hali, na kiasi gani. Mimi nawaambia madam hivyohivyo, mwekee mbele, kaa naye, akimaliza kula toa. Hakuna "maliza maharage nikupe biskuti", mana hapo umemfundisha kwamba maharage ni adhabu na biskuti ndo zawadi.

Wa kuletwa kliniki ni huyu: mstari wa uzito wake kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, anakabwa au kutapika kila akipewa kigumu, anaacha vyakula alivyokuwa anakula na havirudii, viganja vimepauka, au anakula udongo. Hata huyo kabla ya kununua dawa za kuongeza hamu ya kula za dukani (jamani, hizo) angalia kwanza kama alipata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, yanatolewa bure kila miezi sita, Juni na Desemba.

Boksi likirudi limejaa, usimsomee mashtaka mlangoni hajavua hata viatu. Mpe maji, akae dakika chache, alafu mpe cha saa kumi kama kawaida, uji mzito wenye karanga au parachichi na kiazi, sio chipsi za kumbembeleza. Alichobakiza cha moto mwaga, usikirudishe jioni. Na kesho yake fungasha kilekile alichokula vizuri wiki hii, hata kama ni mara ya tatu mfululizo.