Mashine ya kukatia nyasi ikigoma kuwaka, usikimbilie betri

Masika yakishaanza, simu yangu haipoi. Nyasi za Masaki na Mbezi Beach hapa Dar es Salaam zinapanda hadi magotini, zile mashine za kukalia zinatolewa stoo zilikolala tangu kiangazi, na zinagoma. Karibu kila mteja ana wimbo mmoja: "Fundi, betri imekufa, njoo na nyingine."

Mimi naenda na mita ya kupimia volti, spana na kipande cha msasa.

Juzi nilikuwa shule moja huko Mbezi. Kijana wa bustani alishanunua betri mpya. Akakanyaga breki, akageuza ufunguo: tik. Basi. Nikapima betri, volti 12.6, yaani imejaa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, geuza tena, ushikilie hapo hapo." Mita ikabaki 12.5.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, ikivuta umeme kisawasawa, hata betri nzima inashuka hadi 11 au 10 na kitu. Iliyochoka inaporomoka chini ya 9. Hii haikutikisika, maana yake stata haikuvuta kitu. Njia imekatika mahali.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye bloku ya injini. Akageuza. Inatakiwa isome chini ya nusu volti; ikaniletea 12. Umeme wote umegota upande wa kurudi. Nikafungua bolti ya waya mweusi unaotoka kwenye chesi, yaani fremu ya mashine, kwenda kwenye injini: kutu tupu, unga mwekundu kidoleni. Hewa yetu ya chumvi hiyo. Msasa dakika tano, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu. Ikawaka jaribio la kwanza.

Kama haitoi hata tik, angalia fyuzi, kisha swichi za usalama: breki haijafika chini, au visu vimeachwa vimewashwa. Nimeshakuta swichi ya kiti imeungwa waya moja kwa moja ili isisumbue. Mimi waya huo naukata kabla sijagusa kingine, mteja anune asinune. Ile swichi ndiyo inayozima mashine ukianguka, visu vikiwa vinazunguka.

Kuna ugonjwa mwingine unaowapeleka watu kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kununua stata bure: injini inazunguka nusu, inakwama, kama imegonga ukuta. Kwenye nyingi za silinda moja, kamshafti, ile shafti inayosukuma valvu, ina kidude kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili mgandamizo wa hewa kwenye silinda upungue. Nafasi ya valvu ikipanuka kwa kuchakaa, kidude hakifiki, na pistoni inakutana na mgandamizo mzima. Stata haina kosa. Fungua kifuniko cha valvu, rekebisha nafasi kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo.

Na ikizunguka vizuri bila kushika moto, nusa tangi. Petroli iliyolala miezi mitatu inanuka kama rangi ya zamani. Mwaga, safisha kabureta, angalia plagi.

Tukirudi kwa yule kijana, nilimuuliza betri ya kwanza iko wapi. Ilikuwa inazuia mlango wa stoo usijifunge. Tukaichaji usiku kucha, tukaiacha itulie, nikapima: 12.6.