Kutetea usawa chuoni: yanayosemwa barazani na ukweli wenyewe

Nianze na hili mana ndo naulizwa kila nikikaa na watu, eti kazi yangu hii ya kutetea usawa chuoni ni kuwapitisha wanawake na watu wenye ulemavu wasio na maksi. Sio kweli kabisa. Wanaosema hivo hutoa mfano wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na ni kweli tokea 1990 wale waliwaongezea wasichana pointi 1.5 kwenye kuomba nafasi, ila hapo watu hawamalizii maneno, pointi zile ni za kuingilia tu, ukishaingia mtihani ni ule ule, ukifeli umefeli kama mwengine. Halafu sio ujanja wa chuo kimoja. Mkataba wa CEDAW, ule wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania imeuridhia 1985, kifungu chake cha 4 kinasema hatua maalumu za muda za kuharakisha usawa hazihesabiki kuwa ubaguzi. Za muda, yani usawa ukipatikana zinaondoshwa.

Na kazi yenyewe ya kila siku wala haihusu sana maksi za kuingilia, inamhusu yule aliekwishaingia kwa haki yake asije akakwamia njiani.

La pili: "chuo kimeshajenga mteremko wa wilicheya, mnataka nini tena?" Kuna kijana namjua, maksi zake nzuri tu, mteremko akajengewa mlangoni na picha zikapigwa. Ulipofika mtihani ratiba ikamtupa ghorofa ya pili, lifti hakuna, wenzake wakambeba yeye na wilicheya yake hadi juu, kufika karatasi zishagaiwa, nae jasho linamtoka kwa haya hata kalamu haishikiki vizuri. Hakuna aliemkusudia ubaya. Anaepanga ratiba hakuwa na orodha ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, basi. Dawa yake ni karatasi moja kutoka kwa mshauri wa wanafunzi kwenda kwa mpanga ratiba kabla ratiba haijabandikwa, na mtu wa kufuatilia kila semista kwamba imefika na imesomwa. Hiyo ndo kazi ninayoisema, sio hotuba za siku ya wanawake. Na yule kijana hakuwa anaomba hisani, mkataba wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania imeuridhia 2009, na kifungu cha 24 kinataja elimu ya juu wazi wazi.

Wengine wanasema wasichana siku hizi wamejaa madarasani, usawa tayari. Kujaa ni jambo zuri, nafurahi kweli, lakini mie naangalia pia nani kaacha mwaka wa pili na kwa nini. Msichana katoka Micheweni, Pemba, kapanda boti Wete au Mkoani, dakhalia imejaa, kapanga chumba mbali, pesa ya mkopo haijaingia, na kipindi cha mwisho kinamalizika magharibi. Ukihesabu vichwa siku ya usajili hayo yote huyaoni.

"Mambo ya Kizungu hayo, na hao wenyewe Marekani washayafuta." Tusichanganye. Mahakama ya Juu ya kule Juni 2023 ilizuia vyuo kutumia rangi ya mtu kwenye udahili, na Texas tokea Januari 2024 sheria imefunga ofisi za usawa kama hizi zetu kwenye vyuo vya umma, ni kweli. Ila sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 ipo pale pale. Na sisi hatukuazima kwao, Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 12 kinakataza ubaguzi.

Ati dawati la jinsia, pale chuoni mwanafunzi anapopeleka malalamiko ya unyanyasaji, ni la wanawake tu? Hapana, wavulana wanakuja, na wengine wana mambo mazito.

Kuhusu ajira, wapo wanaodhani huku ni kujitolea na moyo mzuri unatosha. Pengine mana vyuo vingi vinambebesha mwalimu mmoja juu ya vipindi vyake, hilo linaniuma. Lakini ni taaluma, inataka kujua sheria, kuandika sera, na kusoma takwimu za chuo mpaka ujue wanapotea wapi. Anaeanza leo ningemwambia ajifunze na lugha ya alama kabla hajaandika proposali yoyote, mana mwanafunzi kiziwi akija na malalamiko yake hawezi kusubiri mkalimani atafutwe, na pengine jambo lenyewe hataki mtu wa tatu alijue.