Kiwanja kimepanda bei. Mpangaji kapata nini?

Kijana mmoja wa benki alinisubiri nimalize kupima kiwanja Magomeni, Dar es Salaam, kisha akanitaka nikubali kwamba wenyeji wa pale "wameula". Anaziona gorofa zilizochipuka pembezoni mwa Barabara ya Morogoro tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, anasikia bei anazotamba nazo dalali, basi amehitimisha: mtaa umetajirika, na watu wake vilevile. Nimeshachoka na sentensi hiyo. Nimechoka pia na ile ya wanaharakati, kwamba kila gorofa ni maskini mmoja kafukuzwa. Mimi ni mthamini wa nyumba na viwanja. Naandika tarakimu, napiga muhuri, naweka saini, na tarakimu ile haisemi lolote kuhusu nani kapata na nani kakosa.

Ichukue nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, korido katikati, uwani kuna choo na jiko, mbele baraza. Bibi mwenye nyumba na wajukuu wanakaa vyumba viwili. Vinne vina wapangaji, wengine wa miaka kumi na tano. Barazani kuna mama wa vitumbua ambaye halipi chochote, ila bibi hakosi vyake vya asubuhi. Wote hao ukiwauliza watakwambia ni watu wa Magomeni, na ni kweli. Kiwanja kikipanda bei mara tatu, mmoja wao ana kitu kilichopanda thamani. Waliobaki wana kitu kilichopanda gharama.

Sheria ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba hupandisha anavyoona inafaa, na desturi yetu ya kulipa miezi sita kwa mkupuo inaligeuza ongezeko dogo kuwa zigo. Chumba kikitoka 50,000 kwenda 80,000, mpangaji hatafuti 30,000 ya ziada. Anatakiwa aweke mezani 480,000 siku moja, pale alipokuwa anaweka 300,000. Hakuna aliyemfukuza. Anasema tu kwamba amepata chumba Mbagala, anaaga vizuri, na jirani wanamsaidia kupakia kirikuu. (Wakati huohuo kodi ya jengo, tangu 2021, inakatwa kwenye LUKU, yaani kwa anayenunua umeme. Kisheria mpangaji anaweza kuirudisha kwa mwenye nyumba. Mkadai.)

Kwa sababu ya kuondoka kwa namna hiyo, utafiti wa nje usomwe kwa tahadhari. Lance Freeman na mwenzake Frank Braconi walichunguza New York, wakachapisha mwaka 2004, na waligundua kwamba kaya maskini katika mitaa iliyopandishwa hadhi hazikuwa zikihama zaidi ya maskini wa mitaa mingine, zilihama pungufu. Watu wanaoijua sentensi hiyo moja hunirushia kana kwamba imefunga mjadala. Kwanza, New York ina nyumba nyingi sana ambazo kodi yake inadhibitiwa kisheria. Sisi tumeshasema yaliyotokea 2005. Pili, na hili ndilo wanaloliruka, mtaa hubadilika hata kama hakuna anayesukumwa. Wapangaji wa Dar huhamahama siku zote: ndoa, kazi, ugomvi wa bili ya maji. Swali ni chumba kikibaki wazi anaingia nani. Zamani aliingia mwingine wa aina ileile. Sasa haingii mtu: vyumba viwili vya mbele vimebomolewa ukuta, vimekuwa fremu, mmoja anauza simu na mwingine mawigi, na bibi anapata pesa kuliko alivyowahi kupata kwa vyumba. Nimlaumu? Siwezi. Lakini nyumba iliyokuwa na vyumba vinne vya kupanga sasa ina viwili, na hakuna kitabu kilichoandika kwamba mtu kaondolewa.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa, maana huyu kijana wa benki anadhani angalau mwenye nyumba kaula.

"Mwenye nyumba" wa mitaa hii mara nyingi ni marehemu. Hati, au leseni ya makazi, ina jina la mzee aliyefariki, na anayeniita ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Nikifika nakuta watu wanane na maoni manane. Anayetaka kuuza ananivuta pembeni: "Mthamini, wewe andika kubwa." Anayetaka kuwanunua ndugu zake sehemu zao ananivuta pembeni nyingine niandike ndogo. Anayeishi mle ndani na watoto wake hanivuti popote, ananiletea kiti.

Nitumie tarakimu za kubuni, nisimwage siri za mteja. Nyumba imepata mnunuzi kwa milioni 400. Marehemu kaacha mjane, watoto wa kiume watatu na wa kike wanne, na mirathi inagawanywa Kiislamu. Mjane anapata thumuni, milioni 50. Inayobaki, milioni 350, inakuwa mafungu kumi: kila mtoto wa kiume milioni 70, kila wa kike milioni 35. Hapo dalali na TRA hawajachukua chao. Nenda na milioni 50 ukanunue nyumba Magomeni palepale, au hata nusu yake. Hupati, kwa sababu ileile iliyoifanya hii iuzwe 400. Kwa hiyo mama ambaye jana alikuwa na chumba cha bure, kodi ya vyumba vinne, hospitali ya Mwananyamala karibu na majirani wa kumfungulia mlango usiku, leo ana milioni 50 benki na kiwanja huko Chanika, pembezoni mwa jiji. Kwenye karatasi ni tajiri kuliko alivyokuwa. Karatasi hiyo naiandika mimi.

Na haikulazimu iwepo kampuni ya ujenzi yenye pembe na mkia. Bei yenyewe ndiyo iliyowagombanisha. Nyumba ilipokuwa ya milioni 30 hakuna aliyetaka kuuza, maana thumuni ya milioni 30 haimsaidii mtu. Wakagawana vyumba wakakaa. Ilipofika 400, mmoja mwenye deni alitosha kuwatoa wote. Sijawahi kuona ripoti ya mipango miji iliyolitaja jambo hili kwa uzito linaostahili. Wanazungumzia wawekezaji na serikali tu, kana kwamba ndugu hawauzi.

Hapo hapo nikubali kinachonitia mashaka. Binti mmoja niliyemkuta tena baada ya kuuza kwao alijenga vyumba vitatu na fungu lake. Anaamka saa kumi usiku kuwahi daladala, na bado alinitazama kwa huruma nilipomuuliza kama anapakumbuka kwao. Korido ile, alisema, alishirikiana na kaka watatu na wake zao, na choo kilikuwa kimoja. Sasa ana mlango wake. Siwezi kumwandika katika safu ya waliodhurika kwa sababu tu inanipendeza kwa hoja yangu. Mama yake naye yuko Chanika hiyohiyo, na majibu yake ni mengine kabisa. Familia moja, mauzo yale yale.

Serikali inapotwaa ardhi, mambo ni wazi zaidi na kwa mpangaji ni mabaya zaidi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka mwenye mali alipwe thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, pango la miezi 36, na faida ya biashara iliyopotea, pia kwa miezi 36. Si haba. Lakini katika fomu ninayojaza, mpangaji wa chumba hana mstari. Kurasini ilipotwaliwa kwa ajili ya bandari, wenye nyumba walilipwa na wapangaji waliambiwa watafute pa kwenda. Baadhi yao waliunganisha akiba zao wakanunua ardhi Chamazi wakaanza kujenga. Waliweza kwa sababu walikuwa kwenye vikundi vya akiba kabla ya tangatanga kuanza.

Halafu kuna Kota za Magomeni, ambazo kila mtu anazitaja na wachache wanaelewa kwa nini zilifanikiwa. Kaya 644 ziliondolewa, kota zikavunjwa, uwanja ukakaa mtupu miaka kadhaa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi wangejengewa na kukaa bila kodi miaka mitano. Machi 2022 Rais Samia akazizindua. Wale hawakuwa wamiliki. Walikuwa wapangaji wa halmashauri. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na orodha ya majina, na hawakuacha kuipeleka kila ofisi. Mpangaji wa chumba cha bibi hana orodha, na mwenye nyumba wake si mtu anayeweza kushinikizwa na gazeti.

Wanaoniuliza njia ya kati huwa wanamaanisha ubia wa Kariakoo: wewe una kiwanja, yeye ana mtaji, nyumba ya Kiswahili inavunjwa, gorofa inapanda, unapewa sakafu yako. Nimeona familia zilizobaki mtaani kwao hivyo, zikipokea pango la maduka na juu yake vilemba, yaani pesa ya mkupuo anayotoa mtu ili apewe duka. Nimeona na zilizopewa sakafu ya juu kabisa kwenye jengo lisilo na lifti. Wapangaji wa zamani, kwa vyovyote, hawamo kwenye mkataba. Kama mnafikiria kuingia, msiniite nithamini ardhi peke yake. Niiteni nithamini sakafu mnayoahidiwa, maana ya chini na ya sita si mali moja. Dai hati ya sehemu yenu chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, iwe kwa majina yenu, si kwa neno la mbia. Mhandisi asiwe wa mjenzi peke yake. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 liliua watu. Na kama mkataba hausemi nani analipa kodi mnakopanga wakati ujenzi umesimama ghorofa ya tatu mwaka wa pili, bibi asiweke dole gumba.