Kurudiana na mpenzi aliyetoka vitani: kwanza semeni kwa nini mliachana

Wapenzi wanaokuja kwangu kwa ushauri baada ya mmoja wao kurudi kutoka vitani huja wamejiandaa kuzungumzia vita. Wameshasoma kuhusu majinamizi, na wanajua kwamba si vizuri kumshtua askari akiwa usingizini. Hayo ni muhimu. Ila kwa wale waliowahi kuachana kabla ya vita, mimi huanza na swali jingine: mliachana kwa nini?

Hapo huwa wanatazamana. Furaha ya kumwona mtu uliyedhani hutamwona tena ni kubwa, na hakuna anayetaka kufukua kwamba alijiandikisha jeshini bila kumshirikisha mwenzake, au kwamba kulikuwa na mtu wa tatu. Lakini vita havikulimaliza jambo hilo, viliahirisha tu. Furaha ikipoa, linaibuka tena, na safari hii mna kisingizio tayari: "Ni vita vimemharibu." Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine alikuwa hivyo hivyo hata kabla hajashika bunduki, na dawa ya kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na vita, haiwezi kutibu tabia ya kutosikiliza.

Kiwewe chenyewe kina dalili zinazojulikana. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikiingiza kwenye mwongozo wake wa magonjwa. Miaka mingi kabla ya hapo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliougua hivi waliitwa waoga, na wapo walioadhibiwa. Mgonjwa huvamiwa na kumbukumbu, hukwepa chochote kinachomkumbusha yaliyompata, hukaa chonjo hata mahali salama, na hisia zake hufa ganzi. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi na kuvuruga maisha, ni wakati wa kumwona mtaalamu.

Katika hizo zote, ganzi ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa wapenzi. Hasira huonekana, mkaizungumza. Ganzi iko kimya: unamweleza jambo lililokuchekesha, anakutazama tu, unamkumbatia, mikono yake inabaki ilipo. Unahitimisha kwamba hakupendi. Yeye naye anajiona ana moyo wa jiwe, anaona aibu, anazidi kujitenga. Kule alikotoka, kuzima hisia ndiko kulikomwezesha kuendelea na kazi siku aliyompoteza askari mwenzake.

Upande wa pili husahaulika, na unaniuma. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, aliyefuatilia familia za wanajeshi waliopotea katika Vita vya Vietnam, alieleza huzuni ya kumpoteza mtu bila uhakika: hayupo, wala huwezi kumlilia kama marehemu. Sasa mfikirie mpenzi wa zamani. Jeshi huwaarifu ndugu walioandikwa kwenye fomu, yeye hayumo. Alifuatilia habari za mapigano kwa siri, bila haki ya kuuliza, pengine akiwa na uhusiano mwingine. Huyo naye amebeba vita vyake, na askari hajui. Huwa namwomba amsimulie. Mara nyingi ndipo askari huanza kuuliza maswali, badala ya kuwa yeye tu anayeulizwa.

Kuhusu yaliyotokea vitani, mwacheni achague la kusema na wakati wa kulisema. Kumdai mtu asimulie kila kitu ili athibitishe anakuamini ni kumtesa. Lakini kutoweka bila neno hakukubaliki. Sentensi kama "nimezidiwa, natoka nje kidogo, narudi" inatosha, mradi arudi kweli. Msiharakishe kuhamia pamoja, na msitafute mtoto ili kuziba pengo. Tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe zinasaidia, na zipo zinazowaingiza wapenzi wote wawili pamoja. Ulizeni kuhusu hizo.

Kuna mahali nasimamisha mazungumzo ya kurudiana kabisa. Akikupiga au kukutishia, ondoka kwanza. Ugonjwa wake unaeleza mengi, lakini haumpi ruhusa ya kukuumiza. Akitaja kutaka kujiua, usimwache peke yake, silaha iondolewe alipo, na msaada wa daktari utafutwe siku hiyo hiyo. Swali la kama bado mnapendana litasubiri.