Balbu ya kwanza haimalizi mkondo wa umeme

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Uganda, wakiona balbu mbili zimeungwa kwa mfuatano (moja baada ya nyingine katika njia moja ya umeme), hudai kwamba ya kwanza hula mkondo na kuibakizia ya pili kidogo. Si kweli hata kidogo. Weka amita (kipima mkondo) kabla ya balbu, katikati au mwisho: itasoma kiasi kilekile. Kinachogawanywa ni volteji.

Chukua balbu mbili za uzi, wati 60 na wati 100, zote za volti 240 kama umeme wa majumbani mwetu. Ukinzani, yaani jinsi balbu inavyozuia mkondo, ni volteji mara volteji, gawanya kwa wati: 240 × 240 ÷ 60 = omu 960. Ya pili, omu 576. Jumla omu 1,536, hivyo mkondo ni 240 ÷ 1,536 = ampea 0.156. Balbu ya wati 60 inapata volti 150, mwenzake 90. Zidisha kwa mkondo: wati 23.4 dhidi ya 14.1. Ile ndogo ndiyo inayong'aa zaidi! Zibadilishe nafasi, jibu ni lilelile.

Alama nyingi hupotea mtu anapoipa kila balbu volti 240. Hiyo ni kwa balbu zilizoungwa sambamba, kila moja kwenye njia yake. (Uzi usiopata moto kamili hushuka ukinzani, lakini mtihani kwa kawaida hupuuza hilo.)

Ukitaka kujionea, tumia betri za volti 1.5 na balbu za tochi, kamwe usitumie soketi ya ukutani. Amita iungwe kwa mfuatano. Ukiiunga sambamba na betri, mkondo mkubwa utaiunguza.