Watoto Wawili Hawahitaji Gari la Viti Saba

"Fundi, mtoto wa pili amefika, kwa hivyo sasa tunatafuta gari la viti saba." Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii naona afadhali niandike. Anayesema hivyo ana watoto wawili, ana milioni moja na nusu, na mwenye yadi ya kuuza magari ameshampigia hesabu. Nikimuuliza viti saba ni vya nani, anaanza kuhesabu kwa vidole: mimi, baba yao, watoto wawili, dada wa kazi. Watano. Ananyamaza kidogo, halafu anasema: "Na shosho akija."

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi kabla pesa hazijatoka. Nikisema gari jipya hapa, nina maana ile tunayoielewa wote Nairobi: limetumika Japani, limeshushwa Mombasa karibuni, bado halijapata namba. Na msimamo wangu ni huu: gari la familia yenye watoto wadogo huchaguliwa kuanzia kiti cha nyuma, ukiwa umebeba kiti cha mtoto mkononi. Kama bado hujakinunua, kinunue kwanza, au azima cha jirani, uende nacho yadi. Watu huja yadi za Ngong Road na mke, mjomba na fundi wa injini, lakini kile kitu kimoja kitakachoamua kama gari linawafaa wamekiacha nyumbani.

Sheria niipitie haraka. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, KS 1515, hakiruhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikipita sisi (cc) 1500, ndiyo maana yadi zimejaa magari ya 1500. Na wanaoniuliza Toyota Wish "mpya", ile ya viti saba, waache kuitafuta. Wish iliacha kutengenezwa 2017, kwa hivyo mlango wake wa kuingia nchini umeshafungwa. Zilizobaki ni zile ambazo tayari zimekula barabara zetu.

Sasa safu ya tatu, na hapa ndipo subira inaponiishia. Toyota Sienta na Honda Freed, ambazo wengi huziendea wakitaka viti saba kwa bei nafuu, zimeundwa ziingie katika daraja la magari madogo la Japani: upana usizidi mita 1.7, urefu usizidi mita 4.7, injini isizidi sisi 2000. Sienta haifiki hata mita 4.3. Ndani ya urefu huo umetiwa injini, safu tatu za viti na mlango wa nyuma. Lazima kitu kipungue, na kinachopungua ni nafasi iliyo nyuma ya kichwa cha anayekaa mwisho. Usiniamini mimi. Ingia mwenyewe safu ya tatu, mlango wa buti ufungwe, halafu peleka kiganja nyuma ya kisogo chako. Utagusa kioo kabla mkono haujanyooka. Sasa mweke mwanao mahali hapo, mfikirie Jumatatu asubuhi barabara ya Outering, gari limesimama kwenye foleni, na matatu inayokuja nyuma yako imechelewa kukanyaga breki.

Tena hicho kiti hamtakifikia. Katika magari mengi ya aina hii, vile vyuma vya ISOFIX vya kushikia kiti cha mtoto viko kwenye viti viwili vya pembeni vya safu ya pili, na kuingia safu ya tatu lazima uinamishe au ukunje kiti kimojawapo cha hiyo safu ya pili. Kiti cha mtoto kikishafungwa hapo, hakikunjiki tena mpaka ukifungue. Ukiwa na watoto wawili, viti vyote viwili vimeshikwa. Shosho atapitia wapi? Nimeona familia zikimpitisha mzee kwenye mlango wa buti. Wengine hufungua kiti cha mtoto kila mara, na baada ya muda wanachoka kukifunga sawasawa. Kama kweli mnahitaji watu sita kila wiki, tafuta Freed ya viti sita. Katikati ya safu ya pili ina ujia, mtu anapita bila kugusa kiti cha mtoto. Wachache huiulizia, kwa sababu sita ni pungufu ya saba.

Halafu buti. Viti vya mwisho vikisimama, panapobaki ni pa mifuko michache ya ununuzi. Kigari cha kumsukumia mtoto hakiingii. Kwa hivyo mwaka mzima viti hivyo vimelazwa, na gari ulilolilipia kwa sababu ya viti saba unaliendesha kama la watano. Desemba inapofika, safari ya Kisumu au Kisii, mizigo inapangwa mpaka kwenye dari, juu ya mgongo wa kiti, nyuma ya vichwa vya watoto, bila kamba wala wavu. Breki moja kali na sanduku linaruka mbele. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili: Toyota ilitoa Sienta ya safu mbili, Funbase, na Honda ikatoa Freed+ ya viti vitano yenye buti kubwa ya kweli. Hizo ndizo ninazowaelekeza wenye watoto wawili, na mwenye yadi hunikasirikia.

Ninakubali kuna wanaohitaji safu tatu. Mwenye watoto watatu, wote wanaotumia viti vya watoto, ana tatizo la upana. Kiti cha mtoto kina upana wa sentimita 44 hivi, na vitatu havikai sambamba kwenye gari la upana wa mita 1.69. Huyo namwambia apande hadi Noah, Voxy au Serena, ambapo safu ya tatu ina nafasi nyuma yake, akubali ushuru wa injini kubwa, na akishindwa na bei achukue ya zamani kidogo badala ya kubana watoto.

Ukifika yadi na kiti chako, fungua mlango wa nyuma mpaka mwisho. Tia vidole kwenye mpenyo kati ya mgongo na kikalio cha kiti. Utapapasa vyuma viwili vyembamba, sentimita 28 kutoka kimoja hadi kingine. Kibandiko cha nje kikisema ISOFIX na vidole vikakosa chuma, amini vidole. Nyuma ya mgongo wa kiti tafuta chuma cha tatu cha kushikia kamba ya juu, ile inayozuia kiti kupinduka mbele. Funga kiti, kikamate pale mkanda au ndoano zinapopita, kitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, hakijafungwa. Sasa kigeuze kitazame nyuma, kama anavyopaswa kukaa mtoto mchanga, kisha dereva mrefu kuliko wote nyumbani akae mbele yake. Hapa ndipo Mazda Demio, gari dogo, hushindwa. Ni gari zuri, injini safi, lakini kiti kikitazama nyuma, magoti ya aliye mbele yanagusa dashibodi.

Kuna swali moja ambalo mimi mwenyewe sijatulia nalo. Vitabu husema mahali salama zaidi ni katikati ya kiti cha nyuma, mbali na milango yote miwili. Ni kweli. Lakini katikati magari haya hayana ISOFIX, inabidi ufunge kwa mkanda, na viti vingi vilivyofungwa kwa mkanda ninavyovikuta vinacheza. Kwa hivyo huwaambia wazazi waweke pembeni, kwenye ISOFIX, upande wa kushoto ambako mtoto anashushwa penye kando ya barabara. Ninajua gari likigongwa ubavuni hesabu yangu inageuka. Bado naamini kiti kilichoshikwa vizuri pembeni kinashinda kilicholegea katikati, ila si jambo ninalolisema kwa sauti kubwa.

La kumpakata mtoto garini halina mashaka. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ya kilo 200 hadi 300. Hakuna mama anayeishika hiyo, hata awe na mapenzi ya namna gani, na kama mwenyewe hajafunga mkanda, mwili wake ndio utakaomponda mtoto. Baba anayempakata mbele, mfuko wa hewa ukiwa umekunjwa sentimita chache kutoka kwenye fuvu la mtoto, naomba aache leo. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele kamwe penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba viti vya watoto hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa wachanga na 54 kwa wa mwaka mmoja hadi minne. Hakuna bampa, wala chuma cha bodi, wala jina la kampuni litakalokupa tarakimu hizo.

"Lakini fundi, gari kubwa si ndilo salama?" Nusu yake ni kweli, na nitakuwa mwongo nikiikana. Magari mawili yakigongana, jepesi ndilo linaloumia zaidi. Sasa tazama uzito wenyewe: Toyota Fielder ya viti vitano ni tani moja na kitu, na Wish iko mbele yake kwa kilo mia mbili hivi. Lori lililopakia saruji Mombasa Road haliwezi kuhisi tofauti hiyo. Uzito unaoleta tofauti ya maana unaanzia kwenye magari ambayo bajeti hii haiyagusi.

Viti vingi pia si usalama. Mwaka 2017 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, ilipoanza kupima magari yanayouzwa Afrika Kusini, Datsun Go+, ambayo India iliuzwa kama gari la viti saba, ilipata nyota moja kwa usalama wa watu wazima. Toyota Etios ndogo ikapata nne, na Chery QQ3 haikupata hata moja. Ukisoma matokeo ya namna hiyo, angalia alama za watoto peke yake, kwa sababu hutolewa tofauti na za watu wazima, na gari linaweza kufanya vizuri huku likaanguka kule. Ukivutiwa na gari la sifuri kilomita kutoka kwa wakala, uliza pia lina mifuko ya hewa mingapi, na kama mkanda wa katikati nyuma ni wa kupita begani au wa tumboni tu. Wa tumboni usimfunge mtoto.

Sasa gari lenyewe, kwa ufupi. Omba karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Si kila R ni mbaya, lakini kwa gari la watoto silipitishi. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mfuko wa hewa iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima kwa mkono, na huenda mfuko ulilipuka zamani na kilichopo ni kifuniko kitupu. Soma ubavu wa tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Magari mengine hufika na matairi ya theluji, mpira laini wenye mikato mingi myembamba, na watu huyaendesha hivyo hivyo hadi Nakuru. Yatoe.

Kwa watoto wawili na pesa ya kawaida, chaguo langu la kwanza ni Fielder. Buti yake inameza kigari cha mtoto na mizigo ikabaki chini ya mgongo wa kiti. Iko chini kidogo kwa matuta ya mitaa yetu, na wanaokaa Rongai au Ruai kwenye barabara za udongo wana haki ya kulalamika. Honda Fit ni ya pili: tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo kikalio cha nyuma huinuka na kigari kinasimama wima humo ndani. Nissan Note ina nafasi ya miguu kuliko inavyoonekana. Funbase na Freed+ zina milango ya kuteleza, na aliyewahi kumtoa mtoto aliyelala kati ya magari mawili kwenye maegesho ya Eastleigh anajua thamani yake. Mazda CX-5 inafungua milango kwa upana mzuri, lakini ya dizeli usinunue kama safari zako zote ni nyumbani, shule na kazini. Kichujio cha masizi kinahitaji mwendo mrefu wa barabara kuu kijisafishe.

Na pesa itakayobaki kwa kuacha viti viwili ambavyo hungevitumia, nunua viti vizuri vya watoto. Vya mtumba vya masoko ya Gikomba na Toi nimevikagua vingi. Vingine vizuri, lakini kiti kilichowahi kuwa ndani ya ajali hakionyeshi kwa macho. Kigeuze chini: kuna tarehe iliyochorwa kwenye plastiki na kibandiko cha rangi ya chungwa chenye R44 au R129, alama za viwango vya usalama vya viti vya watoto. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, au mkanda umeshonwa upya kwa uzi wa kawaida, kirudishe chini uende zako.