Gemu Haijamharibu Mwanao Akili, na Haitamwongezea

Wiki hii nimeletewa tena. Safari hii ni baba mmoja wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, amemshika begani mwanawe wa kidato cha pili, na kabla hajakaa akaanza: “Dokta, huyu akili yake imeshaliwa na gemu. Hesabu kapata F.” Siku si nyingi kabla yake, mama mmoja wa Njiro alinipigia kuuliza kinyume chake: anunue gemu gani kwenye tableti ili mwanawe wa miaka sita achangamke kichwa mapema? Ukiwakutanisha watabishana mpaka giza liingie, ilhali wanaamini jambo moja: kwamba kichwani mna akili moja ya jumla, na gemu ama inaipunguza ama inaiongeza. Mimi ni mwanasaikolojia wa elimu. Imani hiyo naisikia Arusha nzima, kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa wachungaji, na leo nimeona niijibu kwa maandishi.

Mwaka 1901 wanasaikolojia Thorndike na Woodworth, huko Marekani, waliwazoeza watu kukadiria ukubwa wa mistatili. Wakawa hodari. Walipopewa maumbo ya aina nyingine, sehemu kubwa ya uhodari ule haikuwafuata. Mwaka 1973 Chase na Simon wakakuta jambo linalofanana kwenye sataranji: bingwa akiuona ubao wa mechi halisi kwa sekunde tano tu, anaupanga upya sehemu kubwa, lakini kete zikitawanywa ovyo hamzidi sana mtu wa kawaida. Kumbukumbu yake imejengwa kwa sataranji na kwa ajili ya sataranji. Ni kama mzee wa drafti kijiweni, anayekuonyesha kete iliyokuangusha jana lakini kasahau alichoagizwa dukani. Uhamisho wa karibu, yaani ujuzi kukufuata kwenye jambo linalofanana na ulilozoea, upo. Wa mbali, kwenye jambo tofauti kabisa, ni adimu mno, na kila anayeuza kitu cha kukuza akili anauza huo wa mbali.

Sasa gemu zenyewe. Utafiti unaotajwa kuliko wote ni wa Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2003. Watu wasio na mazoea ya gemu walicheza gemu ya vita, Medal of Honor, saa moja kwa siku kwa siku 10. Wenzao wakapewa Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyodondoka. Waliocheza vita waliendelea zaidi kwenye vipimo vya umakini wa macho: kunasa kitu kinachochomoza pembeni, na kutoikosa alama ya pili inapofuata ya kwanza kwa haraka. Someni tena vipimo hivyo ni vya nini. Ni macho na kasi. Hakuna aliyepimwa insha wala aljebra.

Na hata hayo yana ubishi ambao vitabu vya kiada huupita mbio. Mchezaji aliyeitwa maabara kwa sababu ni mchezaji anajua anatarajiwa kufanya vizuri, na matarajio peke yake yanaweza kumpandisha alama. Walter Boot na Daniel Simons wamelisema hili tangu 2011, na kabla ya hapo, mwaka 2008, Boot na wenzake waliwachezesha watu gemu kwa zaidi ya saa 20 bila kuona maendeleo yale. Mwaka 2018 jarida moja, Psychological Bulletin, lilitoa chambuzi mbili kubwa za tafiti hizi. Uchambuzi wa Bediou na wenzake, Bavelier akiwamo, ulisema gemu za mapambano zinasaidia kwa kiasi. Ule wa Sala, Tatlidil na Gobet ulisema ukichuja vizuri, faida inakaribia sifuri. Nimezisoma zote mbili zaidi ya mara moja. Naegemea kwamba kuna kitu kwenye umakini wa macho, lakini siwezi kumwapia mzazi yeyote.

Programu za “kunoa ubongo” sina hata haja ya kuzizungumza kwa kirefu. Mwaka 2016 kampuni yenye Lumosity, mojawapo ya programu hizo, ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza shauri la Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, kwa matangazo yaliyodaiwa kuhadaa wateja. Mama wa Njiro, hifadhi pesa yako, mnunulie mtoto vitabu vya hadithi.

Kinachonikera zaidi ni hii ya “gemu imemwondolea umakini.” Mzazi huyohuyo, sentensi inayofuata, ananiambia mtoto anakaa kwenye gemu saa tatu hata chakula hasikii akiitwa. Basi umakini umeondoka kwenda wapi?

Ingia kibanda chochote cha gemu Ngarenaro saa kumi jioni. Benchi moja, pedi mbili, wengine wamesimama nyuma wanasubiri zamu, kwa sababu anayefungwa anampisha mwenzake. Wanacheza mpira. Mtazame macho yule mgeni wa gemu: yamegandia kwenye mpira. Kisha mtazame mzoefu. Anatupa jicho kwenye ule uwanja mdogo wa chini ya skrini, ambamo wachezaji wote ni nukta tu, halafu anapiga pasi ndefu kwenda kwa mtu ambaye kamera haijamwonyesha bado. Ikikatwa, anajua palepale, na shambulizi linalofuata anapitia upande wa pili. Hakuna aliyemkemea. Kosa limemjibu lenyewe.

Mtoto huyo akirudi kwenye hesabu, daftari linakusanywa Jumatatu, linarudi wiki ijayo lina mikasi mitano myekundu, na haoni mstari gani ulimpoteza. Simlaumu mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani. Nasema tu kwamba umakini unakaa pale jibu linaporudi upesi, na gemu imemzoesha jibu la sekunde. Hilo ndilo badiliko la kufikiri ninaloliona kweli kwa vijana ninaofanya nao kazi: wanajaribu kwanza, wanatazama, wanarekebisha. Mwaka 1994 David Kirsh na Paul Maglio waliwachunguza wachezaji wa Tetris wakakuta wanazungusha vipande zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu kukigeuza kipande kwenye skrini ni haraka kuliko kukigeuza kichwani. Mkono unafikiri badala ya kichwa. Ni njia nzuri kabisa ya kufikiri, ila inadai uwanja ambao kukosea hakugharimu. Darasani kwetu kukosea kunagharimu, kwa hiyo kijana anayefikiri kwa kujaribu anaonekana mvivu au mtundu. Nimeona aljebra ikifunguka pale mtoto alipopewa majibu pembeni ajisahihishe mstari kwa mstari. Si kila mtoto, na sijui mapema atakuwa yupi.

Mengine kwa haraka. Ukatili: mwaka 2019 Przybylski na Weinstein waliwapima vijana 1,004 wa Uingereza, hawakuona uhusiano kati ya gemu za kikatili na ugomvi wao. Dopamini, ile kemikali ya ubongo: ndiyo, hupanda ukicheza gemu, hupanda pia kwa chakula kizuri, kwa hiyo acheni kunitumia zile klipu za kutishia watu nayo. Uraibu: upo. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini linadai mtu ashindwe kujizuia, gemu ipite kila kitu maishani, aendelee japo inamwumiza, na kwa kawaida hali hiyo idumu miezi 12. F moja haitoshi. Kabla ya neno hilo nauliza kwanza mtoto analala saa ngapi, maana anayecheza simu chini ya shuka hadi saa nane usiku atafeli hata kama angekuwa anasoma Biblia.

Nikishasema gemu inafundisha kile inachokirudisharudisha, lazima nikubali upande wake mbaya pia. Zile za bure kwenye simu zina visanduku vya bahati: unalipia bila kujua utatoka nini, ukikosa unaambiwa jaribu tena, na taa zinawaka kama umeshinda. Anachorudia mtoto hapo, mara mamia, ni kuweka pesa na kungoja. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba visanduku vya kununua vya namna hiyo ni kamari. Mzazi anayenifuata kuhusu gemu ya mpira ya kibandani namwomba afungue kwanza simu aliyomwachia mtoto, atazame miamala.